Majina Nyuma ya Foto: Matembezi ya Oicha

Ukitoka mjini Beni kwenda kaskazini kwa barabara kubwa nambari 4, unapita Mavivi penye uwanja wa ndege, unapita Mbau, na baada ya kilomita karibu 30 hivi unafika Oicha, makao makuu ya teritware ya Beni. Wengi wenu munaofanya kazi kwenye machimbo ya Ituri mumepita pale juu ya moto ao juu ya lori, bila kushuka. Leo nakuomba ushuke kidogo, tutembee pamoja.

Fika asubuhi mapema. Saa kumi na mbili na nusu ukungu ungali juu ya msitu, na mwanga unaingia kati ya nyumba kwa upande, laini kabisa. Kufika saa nne jua linakuwa kali, macho ya watu yanageuka mashimo meusi, na foto haifai tena mpaka jioni. Kando ya barabara wamama wanatandaza kakao juu ya turubai, na ile harufu yake ya uchachu inakufuata mpaka sokoni. Kuna mbao, kuna mafuta ya mawese, kuna vijana wa moto wanaobishana juu ya mpira. Piga vyote hivyo, lakini omba ruhusa kwanza. Na karibu na askari, weka aparei ndani ya mfuko. Sitaeleza zaidi.

Kanisani kwetu wananicheka kwamba Pasta anapenda foto kuliko ugali. Ni kweli kidogo. Napenda pia nyimbo za kwaya za zamani, zile za kaseti, na vitabu, na filamu. Lakini foto ndiyo iliyonishika. Nilipokuwa shule ya Biblia nilinunua aparei iliyotumiwa kwa ndugu mmoja aliyetoka Bunia. Filimu moja ilikuwa na foto 36, na kila moja ilikuwa na bei yake, basi ulifikiri mara mbili kabla ya kubonyeza. Vijana wa leo munapiga foto mia kwa siku moja juu ya simu, kisha simu inaanguka ndani ya shimo la maji, na zote zimekwisha.

Sasa sikiliza. Nchi yetu hii imepigwa foto tangu zamani, kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1906 Mwitaliano Vittorio Sella alipanda Ruwenzori kwa upande wa Uganda akiwa na mizigo mizito ya aparei, akapiga ile theluji ambayo sisi wa Beni tunaiona kwa mbali siku ya mawingu machache. Kati ya 1909 na 1915 Herbert Lang alizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo na mwenzake James Chapin, akarudi na foto karibu elfu 10. Zinalindwa New York, katika nyumba ya makumbusho iliyowatuma.

Kisha ikaja filamu. Martin na Osa Johnson, mume na mke wa Marekani, walitoa Congorilla mwaka 1932, na sehemu yake waliipiga kati ya Wambuti wa msitu wa Ituri. Humo wanawapigia gramafoni, wanampa mtu mmoja sigara kubwa aivute, ili watazamaji kule kwao wacheke. Nimeiona. Sikucheka. Nilikuwa naisimamisha kila mara, natazama zile nyuso moja moja: huyu ni babu wa nani?

Na wimbo je? Hapa utashangaa. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili mbinguni, vinaitwa Voyager, na ndani ya kila kimoja waliweka sahani ya shaba iliyopakwa zahabu, yenye sauti na nyimbo za dunia. Kuna Bach, kuna Beethoven, na kuna wasichana Wambuti wa Ituri wanaoimba wimbo wao wa kutiwa ukubwani, kwa muda usiofika dakika moja. Tangu 2012 Voyager 1 imetoka katika eneo linalotawaliwa na upepo wa jua letu. Hakuna sauti ya Mkongomani iliyofika mbali namna ile! Katika orodha ya nyimbo limeandikwa jina la Colin Turnbull, aliyerekodi. La msichana hata mmoja halimo.

Siandiki haya kwa uchungu. Kama Lang hangepiga, leo tungekuwa na giza tupu. Ila foto yenye sura bila jina, iliyokwenda bila kurudi kwa mwenyewe, kwangu ni kazi iliyoishia katikati ya njia.

Kwa nini nasumbuka hivi? Sababu mauaji yalipoanza katika teritware ya Beni, Oktoba 2014, watu wa vijiji vya Mayi-Moya na Eringeti walikimbilia Oicha, na Oicha yenyewe ikashambuliwa mara nyingi. Mtu anayekimbia usiku anachukua mtoto na sufuria. Foto za ndoa zinabaki ukutani, na nyumba inachomwa. Mama mmoja alinifikia na kadi ya uchaguzi ya marehemu mume wake, ikiwa imefungwa ndani ya kitambaa.

«Pasta, hii ndiyo sura yake pekee. Unaweza kuikuza?»

Niliipiga karibu na dirisha, nikaipeleka labo ya Butembo. Ilitoka na chembechembe kama mchanga, na alama ya muhuri ilipita juu ya shavu. Aliiangalia muda mrefu. Akaniambia, «Ndiye.» Akauliza ni bei gani kwa nakala ya pili, ya mtoto mkubwa aliye machimboni.

Wakati wa Ebola, toka Agosti 2018 mpaka Juni 2020, ilikuwa vilevile. Familia hazikuruhusiwa kugusa mwili wa mpendwa wao. Foto ndiyo waliyoweza kushika.

Tangu hapo nina desturi moja. Kila foto ninayopiga inachapwa kwenye karatasi, inarudi kwa mwenyewe, na nyuma yake naandika jina, kijiji na mwaka.

Tumalizie matembezi yetu kwenye hospitali. Daktari Carl Becker, Mmarekani, alianza kazi hapo mwaka 1934, akatibu maelfu ya watu, hata wagonjwa wa ukoma, mpaka vita ya Wasimba ilipomwondoa mwaka 1964. Alikufa mwaka 1990. Juu yake kuna kitabu cha Kiingereza, Another Hand on Mine, cha mwaka 1967, nilichosoma polepole, kamusi mkononi. Lakini mzee mmoja wa kanisa aliniazima foto: wanaume saba wenye mavazi meupe mbele ya ukuta wa matofali. Nyuma yake kulikuwa na neno moja tu, 1958.

Nimeizungusha kwa wazee miezi mingi. Watano wamepata majina, na jamaa zao wamepata nakala. Bibi mmoja aliibusu. Wa sita wanabishana: huyu anasema ni mtu wa Eringeti, yule anakataa, anasema ni wa Mambasa. Wa saba amesimama mwisho kushoto, mfupi, ameshika beseni. Wewe unayesoma huko machimboni, kama una babu ao nyanya aliyefanya kazi ao aliyetibiwa Oicha kabla ya 1964, muulize juu ya mtu mfupi mwenye beseni. Nimeacha nafasi yake nyuma ya foto.