Usilaumu programu, angalia kristali

Wasee, hapa Wamunyu wachongaji wa tezo hawasumbui stima. Shida ni mota ya posho na fundi wa welding. Wakiwasha tu, inkyubeta uliyojijengea inaganda. Hita ikibaki imewaka, mayai yanayotaka nyuzi 37.5 kwa siku 21 yanaiva.

Wengi hukimbilia kuandika programu upya. Mimi nasema wacha kwanza. Kristali ya megahezi 16 ndio inapigia chipu hesabu, na mawimbi yake ni madogo. Kelele ikiingia hapo, chipu inahesabu mapigo ambayo hayakuwepo, inaruka maagizo.

Kwa hivyo kristali na kapasita zake mbili za pikofaradi 22 zikae karibu kabisa na pini za chipu, chini yake graundi tupu. Waya wa relei upite mbali. Kapasita ya nanofaradi 100 kwa pini za umeme, usiiruke, ni bei ya peremende. Na bredibodi ni ya kujaribu tu, jameni, si ya kuwekea mayai ya susu. Kama hauhitaji saa kali, ATmega328P iko na osileta yake ya ndani ya megahezi 8, hakuna waya wa nje wa kunasa kelele. Halafu washa wochidogi: chipu ikiganda, inajiwasha upya yenyewe.