Mafua Niliyompelekea Mama Mutomo

Watu wengi wa Nairobi wakisikia jina Mutomo hufikiria jua kali, vumbi na punda waliobeba mitungi ya maji. Hawakosei. Lakini aliyewahi kulala huko mwezi wa Julai anajua kwamba Ukambani nako kuna kipupwe. Alfajiri mawingu hutanda, upepo huvuma, na katika kila boma utasikia mtu akikohoa.

Mimi nilikulia huko, na nilifunzwa tangu utotoni kwamba mafua huletwa na baridi. Kwa hivyo Agosti moja, miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikimpeleka binti yangu wa miaka mitatu kwa nyanyake, nilimvika sweta mbili na kofia ya sufu. Alikuwa akitokwa na kamasi kwa siku mbili. Nikajiambia kwamba joto la nyumbani litamponya.

Ndani ya matatu abiria walifunga madirisha yote kwa kuogopa baridi. Tulipopita Kibwezi na kuvuka Mto Athi, chafya zilikuwa zikijibizana kutoka kiti hadi kiti. Mama alitupokea kwa furaha, akampakata mjukuu wake, wakanywa chai kikombe kimoja, na usiku wakalala kitanda kimoja.

Binti yangu alipona upesi. Siku ya nne, mama akaanza kukohoa.

Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 71. Tulimchemshia tangawizi na ndimu. Nikampa pia vidonge vya antibiotiki vilivyokuwa vimebaki mkobani mwangu. Sikujua kwamba mafua huletwa na virusi, na kwamba dawa hizo haziui virusi. Tukafunga madirisha, naye akawa anashinda jikoni akiota moto katikati ya moshi. Siku chache baadaye alikuwa akihema mbiombio, hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika.

"Mwanangu, kifua kinanibana," akaniambia. Tukakodi gari.

Hospitalini tuliambiwa ni nimonia. Alilazwa siku tisa, za kwanza akiwa kwenye oksijeni. Muuguzi aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Ni nani aliyeanza kuugua pale nyumbani?" Nikamtazama binti yangu, kisha nikatazama sakafu.

Mungu alimjalia mama akapona. Siku tuliyomrudisha nyumbani alinitania: "Zawadi ya Nairobi ni mkate na sukari, mwanangu, si kikohozi." Nilicheka, lakini maneno hayo yaliniingia.

Tangu hapo tumebadilisha mambo, na hakuna hata moja lililotugharimu sana. Kwanza, mwenye mafua hasafiri kwenda kwa wazee. Baridi peke yake haimpi mtu mafua. Huyapata kwa mgonjwa mwingine. Kosa la kipupwe ni kutufungia pamoja katika vyumba visivyopitisha hewa. Kwa hivyo mchana madirisha hufunguliwa, na wageni hukaribishwa nje chini ya mwembe.

Pili ni mikono. Utanawaje mara kwa mara mahali maji yanaponunuliwa kwa mtungi? Tulitoboa kitundu kwenye mtungi wa lita tano, tukauning'iniza mtini na kuufunga kamba ya kukanyagwa kwa mguu. Maji hutiririka kidogo kidogo, sabuni iko kando, na mtu hunawa vizuri bila kumaliza kikombe kimoja. Siku hizi kila mtu ana kikombe chake pia, na watoto wamefunzwa kukohoa kwenye kiwiko.

Tatu ni moshi, ambao hudhoofisha mapafu. Jikoni tumeongeza dirisha. Jiko la makaa nalo haliingii chumba cha kulala, kwa maana gesi yake huua watu wakiwa usingizini.

Wazazi wenye watoto wachanga wasikose chanjo ya kukinga nimonia, inayotolewa nchini Kenya tangu 2011, mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tena, mtoto akikohoa, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa aliye na miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje kesho. Mpeleke hospitalini. Mzee anayehema mbiombio naye asingojeshwe, kama nilivyomngojesha mama.

Siku hizi, kila Agosti inapokaribia, mama hunipigia simu kabla hatujakata tikiti. Haulizi tutafika lini wala tutaleta nini. Huuliza, "Kuna mwenye kamasi huko?" Akiwapo, tunangoja apone.