Kila Kizuri Kina Aliyekilipia



Wazee wetu wamesema kuwa rahisi huvunja upishi. Methali hii huielewa upesi mtu wa jikoni, aliyenunua mchele wa bei ya chini akapika wali usiolika. Lakini maana yake hupita chungu na mwiko. Yamo ndani yake mambo ya safari, ya majengo ya wafalme, na ya ujira wa mtu anayekuhudumia. Nami leo napenda tuizungumze kwa njia ya safari yangu ya kwanza katika nchi ya China, safari ya kundi, ya siku nane, chini ya kiongozi mwenye kibendera.

Huenda wewe pia unaifikiria safari kama hiyo. Wafanyabiashara wetu wanakwenda Guangzhou kufuata bidhaa, na hilo si jambo geni tena. Sisi hatukufuata bidhaa. Tulikuwa watu 18, wengi wetu wastaafu: walimu, wauguzi, fundi cherehani mmoja, na bibi mmoja wa Tanga aliyekaanga vitumbua miaka mingi na kuweka akiba kidogo kidogo hata nauli ikatimia. Bei tuliyotozwa ilikuwa ndogo mno, na ndani yake vilikuwemo ndege, hoteli, chakula, basi na viingilio. Kila mmoja wetu alimshukuru Mwenyezi Mungu.

Kiongozi wetu alikuwa binti wa Kichina aliyesoma Kiswahili chuoni Beijing, mji ambao vyuo vyake vinafundisha lugha yetu tangu miaka ya 1960. Alipotupokea uwanja wa ndege alitwambia, "Shikamooni." Bibi wa Tanga akamwitikia, "Marahaba, mwanangu, hujambo?" na tangu hapo hakumwita kwa jina jingine ila mwanangu.

Siku ya pili tuliingia katika kasri la wafalme lililo katikati ya Beijing, ambalo Wachina hulitaja kuwa ni mji uliokatazwa. Lilijengwa kuanzia 1406 hata 1420, na wafalme 24 walikaa humo, mmoja baada ya mwingine. Mfalme wa mwisho alitolewa mwaka 1924, na mwaka uliofuata kasri likafanywa makumbusho. Ua hufuata ua, na lango hufuata lango, mpaka mtu akadhani hapana mwisho. Mahali ambapo zamani raia wa kawaida hakuthubutu kukanyaga, leo watoto wa shule wanapita wakila matunda. Tazama, ewe msomaji, jinsi enzi zinavyopita!

Siku ya tatu ilikuwa siku ya Ukuta Mkuu. Mwaka 2012 Serikali ya China ilitangaza kuwa kuta zote za zama mbalimbali zikijumlishwa hufikia kilomita 21,196. Sehemu tuliyopelekwa ni ile ya mawe na matofali, kazi ya wafalme wa ukoo wa Ming. Lakini kabla ya kufika, basi lilikata kona likasimama mbele ya jumba kubwa lenye vioo. Ndani mlikuwa na vito vya jedi, lile jiwe la kijani ambalo Wachina hulithamini sana. Tulipewa maelezo, kisha kila mmoja wetu akawekewa muuzaji wa kumfuata hatua kwa hatua. Tulikaa humo saa moja na nusu. Ukutani penyewe tulipewa saa moja na dakika 40.

Muuzaji mmoja alimvisha bibi yetu bangili na kumtajia bei iliyozidi mapato yake ya miezi minne. Bibi akaivua polepole, akamrudishia kwa mikono miwili, kisha akamgeukia kiongozi: "Mwanangu, hapa tumekuja kufanya nini?" Binti akainamisha kichwa. "Bibi, imo katika ratiba," akasema.

Kesho yake tulipanda treni ya mwendo wa kasi kwenda Xi'an, masafa ya kiasi cha kilomita 1,200 kwa saa kama tano, na maji ndani ya gilasi hayakutikisika. Hapo ndipo binti alipokuja kukaa karibu na bibi, akaeleza mwenyewe bila ya kushurutishwa. Kwa siku hulipwa kidogo sana. Kinachomlisha yeye na mama yake ni fungu analopewa na maduka kwa kila kinachonunuliwa na wageni wake. Kampuni nayo huchukua fungu lake, na ndiyo sababu inaweza kuuza safari kwa bei isiyofikia hata gharama. Kila duka hugonga muhuri kwenye karatasi yake kuthibitisha kuwa wageni wamefika na wamekaa muda uliowekwa. Karatasi ikikosa muhuri, kazi haipo.

Mwalimu mmoja katika kundi akamwuliza, "Je, sheria ya nchi yenu inakubali jambo hili?" Akajibu kuwa haikubali. Na kweli, Sheria ya Utalii ya China, iliyoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2013, inakataza safari za bei ya chini kupita kiasi zinazowavuta watu kwa hila, na inakataza kuwapeleka wageni kwenye maduka maalumu ili kampuni ipate fungu la siri. "Sheria ipo, Mwalimu," akasema yule binti, "lakini kodi ya nyumba nayo ipo."

Maneno yale yaliingia moyoni mwangu, na nilikuwa nayo nilipofika kwenye askari wa udongo. Waliwafukua kuanzia mwaka 1974, wakulima walipokuwa wakichimba kisima. Inakadiriwa kuwa wako kiasi cha 8,000, kila mmoja na uso wake, wamepangwa safu kwa safu kulinda kaburi la Qin Shi Huang, mfalme wa kwanza aliyeiunganisha China, aliyefariki mwaka 210 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Sima Qian, mwandishi wa tarehe aliyeishi kiasi cha karne moja baadaye, ameandika kuwa watu 700,000 walitumikishwa katika kazi ya kaburi lile, na kwamba mafundi waliojua siri za ndani walifungiwa humo humo wasitoke. Wageni husimama juu ya ukumbi wakisema, "Ajabu kubwa!" Ni ajabu kweli. Lakini moyo wenye uhai hauna budi kuuliza: ni nani aliyelipa? Mfalme aliagiza tu. Waliolipa ni wale ambao majina yao hayakuandikwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunalijua swali hili. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na wako Wachina waliokufa kazini wakazikwa Dar es Salaam, mbali na mama zao. Anayepanda treni ile akafika salama, safari yake imelipiwa na zaidi ya nauli yake.

Xi'an pia uko Msikiti Mkuu, ambao majengo yake ya leo asili yake ni mwaka 1392. Paa zake zimepinda kama za majumba mengine ya Kichina, na mnara wake ukiutazama hutadhani ni mnara wa msikiti. Lakini majumba ya Kichina aghalabu huelekea kusini, na msikiti huu umelazwa kutoka mashariki kwenda magharibi, kwa kuwa Makka iko upande huo. Tulisali Adhuhuri pamoja na wazee wa Kihui. Lugha yetu ya pamoja ilikuwa salamu tu, nayo ilitosha.

Baada ya sala tulikula katika mkahawa mdogo mtaani hapo. Unapewa mkate mgumu na bakuli, unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kisha mpishi anaumwagia mchuzi wa nyama ya kondoo. Tulilipa kwa noti, na mwenye mkahawa hakuwa na chenji, kwani wenyeji siku hizi hulipa kwa simu. Akatoka mbio kwenda kwa jirani, akarudi akihema na yuan nne mkononi. Yuan nne! Hakuna aliyemwamrisha, wala hakuna muhuri uliokuwa ukimngoja. Bei yake ilikuwa bei, na haki yetu ilikuwa haki.

Jioni ile kundi lilikaa kitako kushauriana, kwani kesho yake ratiba ilikuwa na duka la hariri na duka la chai. Baadhi walisema, "Tukatae kushuka basini." Wengine wakasema, "Tukikataa, atakayepigwa si kampuni, ni binti huyu." Shauri likatulia hivi: tutashuka, tutakaa muda uliowekwa, karatasi itapata muhuri, na atakayependa kitu kwa ridhaa yake atanunua. Na kila mtu atatoa kiasi sawa, kwa uwazi, apewe binti mkononi mwake kuwa ni ujira wake. Binti alikataa mara mbili. Mara ya tatu bibi akamkunja vidole juu ya zile fedha akamwambia, "Mwanangu, hii si sadaka. Umefanya kazi."

Tuliporudi nyumbani, tulimwandikia wakala aliyetuuzia safari, tukamtaka atutajie bei ya kweli, isiyo na maduka na yenye mshahara kamili wa kiongozi. Alijibu kuwa bei hiyo ingezidi tuliyolipa karibu kwa nusu yake, na kwamba wengi miongoni mwetu tusingeimudu. Jibu hilo lina ukweli, na usilidharau, msomaji, kwani ni ukweli mzito. Nilimsomea bibi barua ile barazani kwake. Akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Basi ningengoja miaka miwili tena. Vitumbua nilivizoea."

Dini yetu imetufundisha kuwa biashara ni ya kuridhiana, na kwamba mfanyakazi hupewa ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Mafunzo haya tumezoea kuyasikia kwa ajili ya dukani na shambani. Lakini anayesafiri kwa starehe ni mwajiri pia, hata kama hajui majina ya aliowaajiri. Dereva, mpishi, mfagiaji wa hoteli na kiongozi mwenye kibendera, wote wako katika dhima yake.

Basi ukikusudia safari kama hii, uliza kwanza kabla hujatoa fedha: Maduka mangapi yamo katika ratiba? Kiongozi analipwa na nani, na kiasi gani? Mbona bei ni ndogo hivi? Ukijibiwa kwa uwazi, safiri na moyo mkunjufu. Na ukiona jibu linakwepa, jua kuwa yuko mtu anayekulipia pasipo ridhaa yake. Ngoja, ongeza akiba, uende wakati ambapo unaweza kulipa mwenyewe.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona ajabu za ardhi yake, na pamoja na ajabu hizo atuonyeshe watu waliozibeba. Amin.