Barabara ya Malori: Kutoka Barking Hadi Daraja la Dartford

Barabara ya A13 huanzia karibu na Aldgate, London, ikaelekea mashariki kupitia Poplar, Barking na Dagenham hadi kuingia Essex. Si njia ya kuburudisha macho: pande zote ni maghala, nguzo za umeme na vinamasi vya mto Thames. Lakini ndiyo iendayo kwenye bandari ya Tilbury, iliyofunguliwa mwaka 1886, na ile ya London Gateway, iliyoanza kazi mwaka 2013. Kwa hivyo usiku na mchana hupita humo malori ya makontena, ambayo sheria huyaruhusu kufikia uzito wa tani 44.

Katikati ya malori hayo wamo vijana wetu juu ya pikipiki, wakienda kazini au wakipeleka vyakula majumbani mwa watu. Sisi wazazi hubaki nyumbani tukitazama saa. Yafaa tuijue njia waipitayo, ili nasaha yetu izidi kule kusema tu, "Mwanangu, nenda polepole."

Kwanza tuelewe kwamba dereva wa lori haoni kama aonavyo dereva wa gari dogo. Ameketi juu sana, na mbele karibu na pua ya lori, nyuma ya tela na ubavuni mna sehemu zisizofikiwa na vioo. Kanuni ni nyepesi: usipokiona kioo chake, naye hakuoni. Hapa Uingereza tunapita magari kwa kulia. Lakini malori yatokayo Bara la Ulaya huwa na usukani wa kushoto, hivyo ubavu ule ule tunaoupitia ndio usioonekana vyema na dereva. Kijana asiende sambamba nalo. Ama abaki nyuma kwa mbali, ama njia ikiwa wazi apite kwa mkupuo mmoja.

Kwenye vipilefti vya kuelekea bandarini, lori refu litakalo kukata kushoto huanza kwa kujitanua kulia. Mwanya unaobaki kushoto si njia, bali ni mtego, kwani tela hufuata kwa ndani na kuufunga. Tangu Oktoba 2024, malori yanayozidi tani 12 hayaruhusiwi London bila kutimiza masharti makali zaidi ya uonaji wa dereva. Ni hatua njema, lakini mwanya ule haujawa salama kwa sababu hiyo.

Huko Thurrock tukigeuka kusini twalikuta daraja la Queen Elizabeth II, lililofunguliwa mwaka 1991. Pikipiki hazilipi ada hapo, ila upepo wa mto ni mkali. Mpanda pikipiki akiwa kando ya lori hukingwa na upepo. Akilipita tu, upepo humpiga ghafula na kumsukuma. Basi aache nafasi pana ubavuni, asikaze mabega, na awe tayari kabla hajatokeza mbele. Akishapita, asijitie karibu na pua ya lori, kwani lililosheheni mzigo halisimami upesi.

Na anayefuata nyuma aache sekunde mbili, na mvua ikinyesha nne. Aliyeganda nyuma ya tela halioni shimo, wala kipande cha tairi kilichoachwa barabarani, mpaka kimefika chini ya gurudumu lake.

Tangu mwaka 2022 kanuni za barabara za nchi hii zimeweka wajibu mkubwa zaidi kwa wenye vyombo vizito. Haki hiyo ni yetu, lakini haimpunguzii mtu maumivu akishaanguka. Basi jioni moja tukae na vijana wetu, tuwaulize ni wapi dereva wa lori hawezi kuwaona, na tuwasikilize wanavyojibu. Tena tuwaambie waziwazi kwamba chakula kikichelewa hupashwa moto, na mteja akinuna, kesho atasahau.