Iliharibika

Kwetu Kasongo kitenzi kuchunga hakiishii kwa mbuzi. Tunachunga mtoto, tunachunga makuta, tunachunga siri. Baba mdogo, muganga wa kituo cha afya upande wa njia ya Kabambare, alikuwa akichunga friji.

Ilikuwa friji ya mafuta ya taa, ya kuhifadhia chanjo. Moto mdogo chini yake ulipasha amonia, amonia ikazunguka ndani ya mabomba, na ndani ya sanduku kukawa baridi. Kila siku alijaza tangi, akasawazisha utambi, akatazama kama mwali ni wa buluu. Kila wiki alitoa masizi kwenye bomba la moshi. Asubuhi na jioni alisoma kipimajoto na kuandika namba kwenye karatasi. Ilitakiwa iwe kati ya 2 na 8.

Nilipokuwa na miaka 17 aliitwa mjini kwa mafunzo ya siku kumi. "Mwanangu, nakuachia friji. Uichunge."

Siku mbili nilifanya yote. Siku ya tatu mwali ulikuwa wa manjano, lakini uwanjani kulikuwa na mpira. Niliandika 5, kwa kuwa jana yake ilikuwa 5. Kesho yake niliogopa kufungua na kuona. Nikaandika 5 tena, na tena, mpaka aliporudi.

Hakuanza na karatasi. Alitoa chupa za matone ya polio. Kila chupa ina duara lenye mraba mweupe ndani, na mraba huo hugeuka mweusi kadiri chupa inavyopata joto. Ukifikia rangi ya duara, chanjo haitumiki tena. Karibu yote ilikuwa imefikia. Ndipo akaitazama safu yangu ya tano, akaikunja, akaitia mfukoni.

Hakunipiga. Siku ya chanjo alinisimamisha mlangoni niwaambie akina mama warudi nyumbani. Mmoja, mwenye mtoto mgongoni, alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliuliza kuna nini.

"Friji iliharibika, mama."

"Pole, mwanangu," akanijibu, akageuka.

Jioni ile baba mdogo alisafisha masizi, akakata utambi. Mwali ukarudi kuwa wa buluu, na asubuhi kipimajoto kilisoma 6. Friji haikuwa imeharibika hata kidogo.

Mwaka jana mwalimu wetu alieleza kauli ya kutendeka: kiambishi -ik- hutaja tukio na kumwacha mtendaji nje ya sentensi. Aliomba mifano. Wenzangu walisema kikombe kimevunjika, kamba imekatika. Mimi nilikuwa na mfano wangu, na ulikuwa sahihi kisarufi. Nilinyamaza. Nilikuwa nikijaribu kuugeuza uwe kauli ya kutendwa, niumalizie kwa "na mimi".