Lushoto asubuhi ya ukungu: Mpe mtoto simu, mkapige picha tando za buibui

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto hupanda kona baada ya kona, ikapita Soni penye maporomoko ya maji, na kila kona joto la bondeni hupungua. Watoto waliotoka Tanga au Dar es Salaam na fulana nyepesi huanza kudai masweta kabla gari halijafika mjini. Lushoto ipo mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mwezi Juni, shule zinapofungwa, ndipo baridi yake inapokolea.

Wageni wengi huenda na watoto Irente, kwenye ukingo wa mlima, kutazama nyika iliyotandaa chini. Siku ya ukungu mzito hakuna cha kutazama. Familia hurudi kujifunika blanketi na watoto hurudi kwenye katuni za simu, kila mtu akiamini kwamba asubuhi imepotea. Kumbe mita chache kutoka mlangoni kuna onyesho lisilo na kiingilio, na bila ukungu huo lisingeonekana.

Ni tando za buibui. Zipo kwenye michongoma, nyaya za uzio, mabua ya mahindi na nyasi za kando ya njia. Jana mchana zilikuwepo pia, ila uzi wa buibui ni mwembamba mno kuliko unywele, na jicho huupita bila kuuona. Asubuhi ya ukungu kila uzi huvaa matone, na utando mzima huonekana kama mkufu wa shanga ulioning'inizwa.

Mtoto akiuliza maji hayo yametoka wapi, jibu lipo. Hewa yenye unyevu inayotoka Bahari ya Hindi hukutana na milima ya Usambara, hupanda, hupoa, kisha mvuke wake hugeuka matone madogo sana. Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Wingu hilo likipita kwenye nyuzi, matone hunasa, huungana na kuwa makubwa. Umande wa usiku nao huongeza yake.

<b>Kazi ya watu wawili</b>

Jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu. Likishapenya ukungu, shanga hukauka upesi, kwa hiyo mtoto avae mapema: sweta, suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, maana nyasi zimelowa na si vyema kukanyaga usipopaona. Kama tando zipo shambani kwa mtu, ombeni ruhusa kwanza.

Simu ya kawaida inatosha. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kila baada ya picha chache, kwa sababu ukungu huganda juu yake kama unavyoganda kwenye nyuzi. Zima flashi, kwani hurudisha mwanga kwenye matone yaliyo hewani na picha hujaa madoa meupe. Usivute picha kwa vidole ili iwe kubwa, sogea karibu.

Tatizo ambalo wengi hukutana nalo ni kamera kuukosa utando na kulenga miti iliyo nyuma. Hapo ndipo mzazi anapopata kazi. Ashike sweta jeusi nyuma ya utando, umbali wa mkono mmoja hivi, bila kuugusa. Weusi huo huzifanya shanga zionekane, na kamera haibaki na kingine cha kulenga. Mtoto aguse utando kwenye skrini, aiweke simu sambamba nao, abane viwiko mbavuni, asubiri upepo utulie, ndipo apige.

Anayepiga awe mtoto. Picha tatu za kwanza zitakuwa na ukungu mtupu. Mzazi asimnyang'anye simu; amwachie ya nne na ya tano. Akizoea, alisogelee tone moja tu. Ndani yake anaweza kuona mti na anga vikiwa vimepinduka juu chini, kwa sababu tone la maji hupindisha mwanga kama lenzi.

<b>Hofu na mkono unaowasha</b>

Wapo watoto wanaomwogopa buibui, na mara nyingi wameiona hofu hiyo kwa mtu mzima anayepiga kelele na kushika ndala. Buibui wengi hawana madhara kwa binadamu. Kanuni inayotosha ni moja: tunatazama, hatushiki. Mhesabieni miguu. Anayo minane, ilhali nzi, mbu na nyuki wana sita. Mtoto wa pwani huenda akauliza kwa nini vazi jeusi la bibi linaitwa buibui pia. Hilo ni swali zuri la kumpelekea bibi mwenyewe.

Wapo na wengine ambao mkono huwawasha. Wanataka kuupangusa utando waone matone yakidondoka. Hapa mzazi asitoe amri tu, aeleze. Ule utando ni nyumba na ni mtego wa chakula. Nyuzi zinazotoka katikati kwenda pembeni hazina gundi, na buibui hutembea juu yake. Nyuzi za mzunguko ndizo zenye gundi ya kunasa wadudu. Uzi wenyewe hutoka tumboni mwake ukiwa majimaji, ukavutwa na kuwa mgumu. Ametumia nguvu za mwili wake kuutengeneza. Anayeuvunja kwa mchezo amemnyima mlo.

Na buibui ana faida kwa mwenye shamba. Lushoto ni nchi ya kabichi, karoti, maharage na matunda, na wadudu wanaonaswa kwenye tando ni pamoja na wale wanaoyala mazao hayo. Dawa za kuua wadudu zinazopuliziwa mara kwa mara huwaua buibui vilevile. Mtoto anaweza kuhesabu tando kwenye ua wa michongoma usioguswa na dawa, kisha kando ya shamba linalopuliziwa, akaona mwenyewe kama zinalingana.

Mkilala Lushoto usiku wa pili, rudini kesho yake mahali palepale. Buibui wengi wanaosuka tando za duara huila nyuzi kuukuu na kusuka mpya karibu kila usiku. Picha mbili za kichaka kimoja, ya jana na ya leo, zikiwekwa pamoja kwenye skrini, zitamwonyesha mtoto kwamba wakati yeye amelala kuna aliyekesha akianza upya. Mwacheni aitafute tofauti mwenyewe: uzi upi umehama, duara lipi limepungua, na buibui amekaa wapi safari hii.