Goti la Norman Whiteside

Mashabiki wa Manchester United wa rika langu hatuwezi kuzungumza nusu saa bila Norman Whiteside kutajwa. Vijana wanamjua Cantona, wanamjua Keane, na wanaojitia kujua historia watakutajia George Best. Whiteside wanamsikia kwetu tu. Alitundika daluga mwaka 1991 akiwa na miaka 26, umri ambao viungo wengi ndiyo kwanza wanaanza kuuelewa mchezo. Tangu hapo tumekuwa tukibishana ni nini kilichommaliza, na ubishi wenyewe umezeeka pamoja nasi.

Mimi nilikuwa Manchester kuanzia 1983 hadi 1988. Serikali ilinipeleka kusomea ufundi wa nguo, enzi zile viwanda vyetu bado vikinguruma. Nilitoka Tanga, mtoto wa Mkwakwani, na mpira wa Uingereza niliujua kwa redio na magazeti ya mkononi, maana Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Jina la Whiteside lilinifikia kwa njia hiyo hiyo mwaka 1982, wakati wa Kombe la Dunia la Hispania. Kijana wa Belfast aliichezea Ireland ya Kaskazini dhidi ya Yugoslavia mjini Zaragoza akiwa na miaka 17 na siku 41, akavunja rekodi ya Pelé ya mchezaji mdogo kuliko wote kuwahi kucheza fainali hizo. Barazani kwetu habari hiyo ilikataliwa katakata. Mtu kumpita Pelé kwa lolote, hata kwa udogo, lilikuwa jambo la kuletewa ushahidi.

Ushahidi nikaja kuuona mwenyewe Old Trafford, nimesimama Stretford End, jukwaa la walalahoi, watu wamebanana mpaka goli likifungwa unajikuta umehamishwa ngazi tatu chini bila kupiga hatua. Nilikwenda na wenzangu wawili. Mmoja alikuwa mtu wa Mombasa aliyeacha kazi za meli akalowea huko huko. Wa pili alikuwa mwenyeji, dereva wa basi, ambaye United aliirithi kwa baba yake kama wengine wanavyorithi shamba.

Nilitarajia mtoto. Nikaona baba mtu. Kifua kipana, shingo nene, uso wa mtu mwenye madeni. Na la kushangaza zaidi, alikuwa mzito wa mbio. Mabeki walimpita wakirudi, mawinga walimpita wakienda, na bado mpira ukidondoka mahali yeye ndiye aliyekuwa pale. Guu lake la kushoto lilikuwa na akili yake peke yake. Alikuwa akipokea pasi huku amekwisha kumpa mgongo mpinzani, anasita kidogo, kisha anautoa mpira mahali ambapo sisi wa jukwaani tulikuwa hatujapaona. Yule dereva alikuwa na msemo wake: wengine wanakimbilia mpira, Norman anausubiri kituoni.

Tulipomkuta alikuwa mshambuliaji, na tayari ana mambo. Machi 1983, katika fainali ya Kombe la Ligi, alikuwa amemgeuza Alan Hansen wa Liverpool na kumfunga Bruce Grobbelaar, ingawa United walilala 2–1. Miezi miwili baadaye akafunga kwa kichwa katika marudiano ya fainali ya Kombe la FA, United wakiichapa Brighton 4–0. Katika fainali zote mbili aliweka rekodi ya mfungaji mdogo kuliko wote. Alikuwa bado hajafikisha miaka 18 katika ile ya kwanza.

Kwenye kiungo aliletwa na bahati mbaya ya mtu mwingine. Kati ya uwanja, pembeni ya Bryan Robson, palikuwa pa Remi Moses, kijana mweusi mzaliwa wa Manchester hiyo hiyo, mfupi, mkorofi wa kunyang'anya mipira. Sisi Waafrika wa jukwaani tulikuwa na mapenzi ya pekee naye. Fainali ya 1983 aliikosa kwa adhabu ya kadi. Msimu wa 1984/85 akaumia kifundo cha mguu, na kocha Ron Atkinson akamrudisha Whiteside kati kuziba pengo. Pengo likazibika vizuri mno. Moses hakurudi tena kuwa yule yule, na mwaka 1988 aliacha mpira kabla hajatimiza miaka 30. Tunapomlilia Whiteside huwa namkumbusha mwenzangu wa Mombasa kwamba kulikuwa na mwingine kabla yake, naye hata wa kumbishania hana.

Fainali ya Kombe la FA ya Mei 18, 1985 tuliitazama chumbani kwa yule wa Mombasa, siku chache kabla ya mwezi wa Ramadhani. Tiketi za Wembley hazikuwa za watu kama sisi. Everton walikuwa mabingwa wa ligi, na katikati ya wiki hiyo walikuwa wametoka kulitwaa Kombe la Washindi la Ulaya huko Rotterdam. Zikiwa zimebaki dakika kumi na kitu, Kevin Moran akamkata Peter Reid, na mwamuzi akamtoa nje. Hakuwahi mchezaji kutolewa katika fainali ya Kombe la FA kabla ya siku ile. United wakabaki kumi, mchezo ukaingia muda wa nyongeza, sisi tunaombea marudiano tu.

Dakika ya 110 Mark Hughes aliupiga mpira kwa ubavu wa nje wa kiatu, ukakata kwenda upande wa kulia. Whiteside akaukimbilia kwa mbio zake zile, akaufikia. Pat Van den Hauwe, beki wa Everton, akawa anarudi nyuma polepole mbele yake, hataki kuingia kichwakichwa. Mtu mwenye kasi angempita pembeni. Whiteside kasi hakuwa nayo, basi akamtumia yule beki kama pazia. Akapitisha mguu juu ya mpira, akausogeza kidogo kushotoni, na kabla beki hajanyoosha mguu akauzungusha kwa kushoto. Ukapita ubavuni mwa Van den Hauwe, ukapinda, ukaingia karibu na mlingoti wa mbali. Neville Southall, ambaye waandishi walikuwa wamemchagua mchezaji bora wa mwaka huo, aliruka wakati mpira umekwisha mpita. Beki wake mwenyewe ndiye aliyekuwa amemziba.

Jirani wa chini aligonga dari kwa fagio. Mwenzangu wa Mombasa alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, anapiga kelele, "Mwaona? Mwaona mtoto huyo?" Mtoto ndiyo. Alikuwa ametimiza miaka 20 siku 11 tu kabla.

Furaha ile haikutufikisha mbali. Mei 29 tulikuwa tumekaa na saumu zetu mbele ya televisheni ile ile, Magharibi bado mbali, tukiisubiri fainali ya Liverpool na Juventus, ndipo tukaona maiti zikilazwa nje ya uwanja wa Heysel mjini Brussels. Watu 39 walikufa. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano, na Kombe la Washindi ambalo Whiteside alitupatia nafasi ya kulicheza likapita bila sisi. Kwa hiyo miaka yake iliyokuwa bora, toka 20 hadi 25, Ulaya haikumwona akiwa na jezi ya klabu. Ilimwona Mexico mwaka 1986, alipoifunga Algeria kwa mpira wa adhabu katika sare ya 1–1. Siku hiyo mwenzangu aliamka na msimamo: "Leo Norman si wetu." Tulishangilia Waalgeria walipolisawazisha, kisha tukaulizana kwa aibu kama goti lake lilionekana zima.

Goti ndilo lilikuwa salamu yetu wakati huo. Magazeti ya jioni yaliandika habari za goti lile kuliko habari za mwenye nalo. Atacheza Jumamosi, hatacheza, amepasuliwa, amerudi. Aprili 1988, karibu na mwisho wa masomo yangu, United walikwenda Anfield, wakawa nyuma 3–1 na wamebaki kumi uwanjani. Whiteside akatoka benchi, akawakanyaga Liverpool mpaka wakapoteza hamu ya mpira, na mchezo ukaisha 3–3. Tuliusikiliza redioni. Dereva wa basi alisema huo ndio Norman. Mimi nilisikia kitu kingine: mtu wa miaka 22 anaingizwa kutoka benchi kufanya kazi ya mkongwe.

Nilirudi nyumbani mwaka huo. Agosti 1989 kocha wa wakati huo, Alex Ferguson, aliwauza yeye na mchezaji mwenzake Paul McGrath kwa pamoja, Whiteside kwenda Everton, wale wale aliowaliza, na McGrath kwenda Aston Villa. Msimu wa kwanza Everton alifunga magoli mengi kwa kiungo. Wa pili aligusa mpira mara chache, na kisha ikanijia barua Tanga, ndani yake kipande cha gazeti kimekunjwa mara nne. Mwenzangu wa Mombasa aliandika sentensi moja juu ya salamu: "Sheikh, Norman katundika."

Ndipo ubishi ulipoanza, na pande zake ni tatu.

Mwenzangu anasema pombe. Kwamba Whiteside na McGrath walikunywa haikuwa siri mjini, na wote wawili wamelieleza hilo wenyewe miaka ya baadaye. Nakubali kwamba pombe haikumsaidia. Lakini McGrath naye alikunywa, tena yeye goti lake lilikuwa baya vile vile, na alicheza Ligi Kuu kwa miaka mingi baadaye, Villa wakimpunguzia mazoezi ili ahifadhiwe kwa siku ya mchezo. Kama ni pombe, ingewachukua wote wawili.

Dereva wa basi, ambaye sasa ni mzee na kusikia kwake ni kwa kubahatisha, anasema Ferguson. Angemsubiri, anasema, angemlea, na mwaka 1993 Whiteside angenyanyua ubingwa wa ligi uliokuwa haujaonekana Old Trafford tangu 1967, akiwa pembeni ya Cantona, na miaka yake 28 tu. Ni ndoto tamu, nami nimeiota. Ila goti lililokwisha Everton lingekwisha Old Trafford pia. Kocha alimuuza mtu ambaye madaktari walikuwa wamekwisha kumchoka.

Upande wa tatu ni wangu, na nimekuwa nao peke yangu. Naona tunakosea kuhesabu tunapoanzia mwisho. Whiteside aliingia timu ya wakubwa Aprili 1982 akiwa na miaka 16, mdogo kuliko wote United tangu Duncan Edwards. Kufikia miaka 21 alikuwa amecheza Kombe la Dunia mara mbili, fainali tatu za Wembley, na nusu fainali ya Ulaya dhidi ya Juventus, ambako alifunga Turin. Mwenyewe ameeleza kwamba shuleni alikuwa na mbio, na kwamba majeraha yalimnyang'anya kasi kabla hata hajasaini mkataba wa kulipwa. Ule uzito tuliouona mwaka 1983, tukausifu kuwa utulivu, ulikuwa ni jeraha. Tulikuwa tunamtazama mgonjwa tangu siku ya kwanza, na tunampigia makofi kwa ustadi wa kuuficha ugonjwa.

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu, na mwenzangu hunitolea methali hiyo kila tunapofika hapa. Namjibu kwamba ngoma haijipigi. Kulikuwa na klabu iliyomhitaji Jumamosi, taifa lililomhitaji Jumatano, na maelfu kwa maelfu ya sisi tuliomwona ana mwili wa mtu mzima tukaamua kwamba mifupa nayo imekomaa.

Baada ya mpira Whiteside alirudi darasani. Alisomea udaktari wa miguu katika Chuo Kikuu cha Salford, upande wa pili wa mto kutoka Manchester, akafuzu, na kwa miaka mingi kazi yake ikawa kuzunguka klabu kwa niaba ya chama cha wachezaji, akikagua nyayo na miguu ya vijana kabla mambo hayajaharibika. Katika yote aliyoyafanya, hilo ndilo linalonishawishi kwamba hesabu yangu haiko mbali na yake.

Huku kwetu jambo lenyewe halijaisha. Kila Jumapili nikienda uwanjani namwona kijana wa miaka 15 amepangwa na watu wazima kwenye kiwanja kigumu kama barabara, anafunga, wazee wanamtuza noti. Nikiuliza nani anayemwangalia magoti, naambiwa nisimtie mkosi mtoto wa watu.

Mwaka jana nilimweleza mwenzangu haya yote kwa simu. Akanisikiliza, kisha akaniuliza swali la mtu wa bandarini, asiyependa mzigo usio na bei: "Haya, wewe wamhurumia. Lile goli la Wembley, je? Angelindwa mpaka miaka 20, hangekuwapo pale. Ungelirudisha?"

Nikamwambia ningelirudisha, na kombe juu yake, kama kwa kufanya hivyo Norman angecheza hadi miaka 33. Akacheka sana, akasema mimi si shabiki wa kweli. Shabiki wa kweli, kwa maelezo yake, ni yule asiyerudisha kitu. Huenda ni sawa, na huenda ndiyo sababu magoti ya vijana hayawezi kuachwa mikononi mwa mashabiki.